Ndege Kifungoni: Maswali Yenu ya Uchoraji

Nataka kuchora flamingo aliyefungwa, lakini kila nikiweka tundu picha haishawishi. Nifanyeje? (Nakuru)

Liondoe tundu. Flamingo wa ziwani hupata uwaridi wake kutokana na mwani anaokula. Akifungwa na kulishwa chakula kisicho na rangi hiyo, manyoya ya zamani hubaki na uwaridi, lakini mapya yanayoota baada ya hayo kupukutika hutoka meupe. Basi mpake weupe shingoni na mgongoni, kisha mwachie manyoya machache ya waridi bawani. Mtazamaji ataona kifungo, na ataona pia kwamba ni cha muda mrefu. Kwa mwili, jaribu sehemu 20 za nyeupe kwa 1 ya nyekundu; kwa manyoya ya zamani, 4 kwa 1. Kivulini tia buluu kidogo. Nyeusi itamfanya aonekane mchafu.

Fito za tundu langu zinaonekana kama zimebandikwa juu ya ndege. (Kisumu)

Bila shaka zote zina unene mmoja na weusi mmoja. Anza na fito za nyuma, kwa rangi inayokaribia ya ukuta. Mchore ndege, umwache akauke hadi rangi isinate kidoleni: akriliki (rangi inayochanganywa na maji) nyembamba nusu saa, rangi ya mafuta siku kadhaa, la sivyo brashi itaburuta rangi ya manyoya. Ndipo upake fito za mbele kwa brashi nyembamba, namba 1. Mwisho, pitisha kivuli cha kila ufito kifuani, kikipinda kufuata mviringo wake. Hapo ndipo wengi husahau.

Mlango wa tundu ulio wazi ni uhuru? (Kakamega)

Si lazima. Katika michoro ya Uholanzi ya karne ya 17, tundu tupu kando ya msichana mara nyingi lilidokeza ubikira uliopotea.

Mnyororo au tundu, kipi kina nguvu zaidi? (Bungoma)

Kwetu ni mnyororo. Mchoraji Mholanzi Carel Fabritius alimchora chiriku aliyefungwa mguu mwaka 1654 kwenye ubao wa takriban sentimita 33 kwa 23. Ukuta ni mtupu, mnyororo mwembamba mno. Unampenda ndege kwanza, kisha unauona mguu wake. Kamba nayo humleta mfungaji pichani: Goya, mchoraji Mhispania, alimchora mtoto Manuel Osorio akiwa ameshika kamba iliyofunga mguu wa ndege, huku paka wakimkodolea macho ndege huyo. Ukichagua kamba, chora mkono unaoishika kwa uangalifu uleule unaompa ndege.