Kutoka dawa baridi hadi dawa muhimu: niliyoyaona kaunta

Mkuu, umeuliza kwa nini serikali isijitoe kwenye biashara ya afya, kila mtu afungue chake, wababaishaji wachujwe na soko. Nimeuza dawa miaka mingi mkoani Ruvuma, acha nikujibu kwa yaliyonipata.

Nilianza na duka la dawa baridi, kabla ya 2003. Kisheria ilikuwa mwisho wangu panadoli, dawa za kikohozi na vitu vya aina hiyo, ndivyo vilivyokaa shelfu. Amoksilini, antibiotiki ambayo sikuruhusiwa kuiuza, ilikaa kwenye ndoo chumba cha nyuma, imefunikwa na gunia la mchele. Kijiji kizima kilijua. Zahanati mbali, na ukifika unaambiwa dawa zimeisha. Mama amebeba mtoto anahema kwa shida, utamwambia huna? Nilikuwa namkatia vidonge vinne kwa sababu hela yake iliishia hapo. Kwamba nusu dozi inavizoesha vijidudu dawa, hakuna aliyewahi kuniambia.

Na soko halikunichuja hata kidogo, lilinipenda! Mteja wa nyanya akiuziwa iliyooza, kesho anahamia kwa jirani. Mteja wa dawa atajuaje kidonge kimepigwa joto miezi mitatu? Mtoto akipona, anakushukuru wewe. Asipopona, analaumu malaria.

Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa (TFDA, siku hizi TMDA) ikaanzisha Duka la Dawa Muhimu, na wakaanzia huku kwetu Ruvuma. Masharti yalinitoa jasho: dari, sakafu ya saruji, kabati la kufungwa kwa ufunguo, daftari la mauzo, muuzaji aliyepita darasani. Niliuza ng'ombe wawili. Mke wangu akaenda kwenye mafunzo, akarudi ananikagua mimi. Lakini tulipewa na kitu: orodha ya dawa za cheti cha daktari tulizoruhusiwa kuuza, amoksilini ikiwemo. Ikatoka kwenye ndoo, ikapanda shelfu, na dozi ikawa kamili. Bei hakunipangia mtu. Wateja waliongezeka, sikufilisika.

Ila kuna mahali nakubaliana na wewe. Sheria ya 1977 ilipiga marufuku hospitali za binafsi za kibiashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini, hadi iliporekebishwa 1991. Watu waliacha kutafuta huduma ya pembeni? Mtaani kwetu mganga msaidizi alikuwa anachoma sindano sebuleni kwake jioni, pazia limeshushwa. Ni ile ile ndoo yangu. Ukikataza jambo ambalo watu wanalihitaji bila kuwaonyesha njia nyingine, umelihamishia tu chumba cha nyuma, ambako mkaguzi hafiki.

Kero yangu leo ni utitiri wa vibali. Ofisi hii inataka ada yake, ile inataka yake, na wote wanakuja kuangalia dari ile ile. Hapo punguzeni, nitawapigia makofi. Darasa la mtoa dawa msiliguse.

Na kama unauliza kwa sababu unataka kufungua lako, tafuta mtoa dawa mwenye cheti kabla hujalipia fremu. Duka langu la pili nilianza na fremu, nikalipa kodi miezi mitano mlango umefungwa.