Jibu: Kinachozishika kromatidi hadi wakati wa kuachana

Ndugu, umeuliza kwa nini kromatidi mbili, yaani nakala mbili za kromosomu moja, haziachani mara tu DNA ikishanakiliwa. Zimeshikwa na kohesini, protini yenye umbo la pete inayozizunguka zote mbili. Seli inapogawanyika, nyuzi za spindeli, yaani nyuzi zinazozinasa kromosomu, huanza kuzivuta kuelekea ncha mbili za seli, lakini pete haiachii. Hapa ndipo penye utamu: kimeng'enya cha kuikata, separesi, tayari kimo ndani ya seli, ila kimezuiwa na protini nyingine, sekurini. Hata kromosomu moja tu ikiwa haijanaswa na nyuzi, ishara ya kusubiri huendelea kutolewa. Zote zikinaswa, sekurini huvunjwavunjwa, separesi huikata kohesini, na kromatidi huachana karibu kwa pamoja. Basi usiandike kwenye mtihani kwamba nyuzi ndizo zinazoikata pete hiyo. Zenyewe huvuta tu.