Saruji inapoingia kwenye paja: kwa wanaoanza kazi ya kutoa dawa ya usingizi

Wadogo zangu, upasuaji wa nyonga iliyovunjika kwa mzee unaweza kukufanya ubweteke. Ganzi ya mgongo imeshika, presha imetulia, bibi anamuuliza nesi kama mjukuu wake bado yuko nje. Kisha daktari wa mifupa anajaza saruji, ile gundi ya mifupa, ndani ya mfupa wa paja, anasukuma shina la nyonga bandia, na bibi ananyamaza.

Kimya hicho usikipuuze. Kwa mgonjwa aliye macho, kuchanganyikiwa au kulalamikia pumzi huweza kutangulia kelele za monita. Kwa aliyelala kabisa, tazama kabonidioksidi anayotoa. Ikiporomoka ghafla, mtazame mgonjwa kwanza, usianze kuhangaika na waya za monita.

Zamani lawama zote za kuzimia huku zilitupiwa kemikali ya saruji. Siku hizi linalotajwa zaidi ni shinikizo: mafuta, uboho na hewa hukamuliwa kutoka ndani ya mfupa hadi kwenye mishipa, vikafika mapafuni. Upande wa kulia wa moyo unashindwa kusukuma, wa kushoto unakosa damu. Ndiyo maana kumwaga maji ya dripu peke yake hakuokoi. Oksijeni asilimia 100, dawa ya kupandisha presha, na adrenalini iwe imeshavutwa kwenye sindano kabla saruji haijakorogwa. Kuivunja chupa mgonjwa akiwa ameshazimia ni kuchelewa.

Utafiti wa Sweden wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 1,016, ulikuta zaidi ya robo yao walishuka presha au oksijeni kwa kiwango fulani. Waliofikia kukandamizwa kifua walikuwa asilimia 1.7. Wengi wa hao hawakumaliza mwezi.

Hata hivyo, msiende kumwambia daktari aache saruji. Kwenye mfupa uliolika kwa uzee, saruji hushika shina vizuri, na hatari ya paja kuvunjika tena baadaye hupungua. Mwenye presha ya mapafu, moyo uliochoka au saratani ya mfupa, mjadilini na daktari wa mifupa mapema, ikiwezekana wodini. Mwombeni asafishe na kukausha uwazi wa mfupa, na asikandamize kupita kiasi.

Halafu kuna jambo la kusema kwa sauti. Daktari atangaze, "Naweka saruji," nawe ujibu umesikia na presha ni ngapi. Wapo wanaoona ni maigizo. Mimi nasisitiza, hasa kiyoyozi kikigoma: joto huifanya saruji igande haraka, kila mtu anaharakisha, na tangazo ndilo la kwanza kusahaulika. Kama hujalisikia, uliza. Hata daktari awe bingwa wa miaka mingi, uliza, kisha andika saa saruji ilipoingia ili wa chumba cha uangalizi ajue akiona oksijeni inashuka.