Barua kwa mwanangu: sufuria ilijaa, mtoto akasinyaa

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nachambua mchele, na nikasikia ulivyoshusha pumzi kabla ya kuuliza. "Mama, uliwezaje kutulisha watu 11 kila siku, chakula cha nyumbani, kwa mshahara mmoja wa kiwandani, na hatukuwa tunaugua ovyo?" Unasema hapo Dodoma mmefika tisa tangu mama mkwe, wifi na shemeji wahamie, na hela ya matumizi inaishia kwenye chipsi, mkate na soda za kwa Mangi kabla mwezi haujafika katikati. Nimeona nikuandikie, maana nikijibu kwa sauti nitazunguka weee, niishie kukusimulia habari za majirani.

Kwanza nikutoe kwenye kosa. Si kweli kwamba hamkuugua. Mdogo wako wa nne alidhoofika humu humu ndani, sufuria ikiwa imejaa. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza shule, huwezi kukumbuka.

Ilikuwa 1994. Nilimpeleka kliniki kama kila mwezi, nimemvalisha sweta jipya, sina wasiwasi wowote. Muuguzi akampima, akatia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ulikuwa unateremka, umetoka kwenye kijani, yaani uzito mzuri, unaingia kijivu, yaani uzito pungufu. Nikaanza kujitetea: sisi tunapika kila siku, dagaa hawakosekani, mchicha nalima mwenyewe uani. Yule mama wala hakuniuliza napika nini. Aliuliza, "Anakula sahani moja na nani?"

Nikanyamaza. Alikuwa anakula sinia moja na ninyi wakubwa zake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mpaka amalize kutafuna tonge moja wewe umeshameza matatu. Mboga ikiisha upande wake anabaki kuchovya ugali kwenye mchuzi mtupu, halafu anasinzia, na mimi nasema ameshiba. Na kule kwa wanaume, kwa baba yenu na baba zenu wadogo, nilikuwa nimeshapeleka minofu yote ya samaki, ninyi mmebakiziwa kichwa na mkia. Hakuna aliyeniamuru. Ndivyo nilivyomkuta mama yangu akifanya, nikapakua hivyo hivyo.

Kwa hiyo wewe umeuliza habari za jiko, mimi nitakujibu habari za upawa.

Jumamosi ile nilikwenda soko la Mawenzi nikanunua mabakuli sita ya bati, kila mtoto na lake, nikayachora alama chini kwa msumari. Nikaanza kupakua kwa kuanzia chini: mdogo kabisa, kisha ninyi wengine, kisha bibi yenu ambaye meno yalikuwa yameshaisha, halafu watu wazima. Samaki wakiwa watatu nawakata vipande 11, hata kama kila kipande ni kama kidole. Baba yenu alikaa kimya siku tatu, ya nne akauliza kama tulipata mgeni aliyekula samaki wake. Nikampa kadi ya kliniki aisome mwenyewe. Hakuuliza tena, ila kwa muda mrefu alikuwa akimaliza kula anaangalia sahani kama imemkosea. Mwezi wa tatu tangu nianze hivyo mstari ukarudi kijani, na chakula kilikuwa kile kile.

Sikwambii uache sinia. Pilau ya Ijumaa au ya sikukuu ilivyo tamu kwenye sinia, mikono mingi, mtu anakusogezea nyama upande wako, sitaki wajukuu zangu waikose hiyo. Ila kwa siku za kawaida, kifunga mimba wako awe na bakuli lake, na wewe ukae naye mpaka limalizike. Tena na wewe mwenyewe ujipakulie pamoja na watu. Najua unavyokula, umesimama, mwiko mkononi, unakomba sufuria. Mimi nilikula hivyo miaka mingi, na mimba ya mwisho nikaambiwa sina damu.

Sasa nije kwenye hiyo hela. Umesema jioni unapika wali wa watoto, ugali wa shemeji, na kitu laini cha mama mkwe. Vyungu vitatu! Gesi itabaki wapi? Pika kimoja. Ugali wa watu tisa ni kama kilo moja na robo ya unga, maharage makavu robo tatu kilo, mchicha mafungu matano au sita kutegemea muuzaji ana mkono gani. Asiyetaka ugali leo atangoja wali kesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tena kwa foleni kwenye duka la kaya, na sikumbuki mtoto aliyenung'unika mara mbili.

Maharage ndiyo yaliyowakuza, si nyama. Yaloweke usiku, na hiyo kazi mpe shemeji yako. Kijana wa miaka 20 hashindwi kumimina maji kwenye beseni. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwa nguvu, hasa mekundu, maana yasiyoiva vizuri yanavuruga tumbo kwelikweli. Pika ya siku mbili kwa mkupuo mmoja: nusu uyaunge leo kwa nyanya na kitunguu, nusu yapoe yaingie friji, kesho yawe makande au uyaunge kwa nazi. Yakitoka huko yachemke tena, usiyapashe ya uvuguvugu. Magadi niliyaacha zamani. Yanalainisha, kweli, lakini yanaua vitamini B, na ukishaloweka huna haja nayo.

Dagaa usiwang'oe mifupa wala usidanganyike kwamba ni chakula cha asiye na hela. Anayekula dagaa mzima anakula na mifupa yake, ndiyo kalsiamu hiyo. Waoshe mchanga, wakaange wakauke, wachache uwatwange wawe unga, kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto au kwenye mboga yake. Hata mtoto mwenye maringo hataona.

Mboga za majani, osha kwanza ndipo ukate, si kukata halafu kuosha, utamwaga utamu na faida kwenye karo. Mchicha na matembele ni dakika chache tu jikoni. Kisamvu ndicho kinachotaka subira: kitwangwe, kichemke sana, kisiharakishwe hata kama watoto wanalia, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu. Watoto wanaokataa mboga wape ya karanga. Karanga hizo zichambue moja moja. Yenye ukungu au iliyosinyaa itupe, usimpe hata kuku. Ukishapakua kamulia ndimu, na chai ikae mbali na chakula, angalau saa moja. Hilo nalo alinifundisha muuguzi yule yule: ndimu inasaidia madini ya chuma kuingia mwilini, chai inayazuia. Tangu hapo chai ya mchana humu ndani ikafa. Tukawa na embe, chungwa, au ndizi iliyoshuka kutoka Uluguru, kulingana na msimu.

Unga. Nilikuwa nanunua gunia la kilo 100 mavuno yakishatoka, bei ikiwa chini, nikasaga dona kidogo kidogo, ya wiki mbili hivi, kwa sababu dona ina mafuta ya kiini na ikikaa inachacha. Sembe ukikoboa nusu ya faida unawapa kuku kwenye pumba. Lakini mahindi yawe makavu kweli. Tia kiganja cha mahindi kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa; chumvi iking'ang'ania kwenye chupa, hayajakauka, yarudishe juani. Wewe uko Dodoma, huko ndiko watu walikufa mwaka 2016, huko na Manyara, kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Hapo usinunue cha bei ya kutupa.

Na hapo nikuulize na mimi swali. Una Mgogo ndani ya nyumba, mama mzima aliyekulia kwenye mlenda, halafu unamnunulia mkate laini? Mkwe wangu yule anajua majani ya porini ambayo mimi hata majina siyajui. Anajua mlenda mkavu unavyotunzwa mpaka kiangazi. Mwombe awafundishe watoto. Atapata kazi ya heshima, meno yake yatapumzika, na kikapu chako kitapungua uzito. Uji wa uwele au mtama, ukautia ubuyu badala ya sukari nyingi, ni kifungua kinywa tosha. Huo ubuyu una vitamini C ya kutosha. Siku nyingine viazi vitamu au boga la kuchemsha. Mkate uwe wa Jumapili.

Chipsi sitakukataza, najua ni za nini. Unarudi kazini saa moja usiku, miguu imevimba, watoto wamekaa mlangoni. Hapo si uvivu, ni kwamba jikoni hakuna kilichoanza. Hakikisha unapoondoka asubuhi kuna kitu kimoja kimeshaiva, maharage au hata mboga iliyochambuliwa tu, na mtu mmoja ana kazi yenye jina lake. Wifi yako asonge ugali. Mkubwa wako ana miaka 12, achambue mchicha; wewe kwa umri huo ulikuwa unakuna nazi huku unasoma kitabu, umekalia mbuzi, na mara moja ulikuna kidole. Soda iondoke yenyewe usipoileta. Mimi niliuza mayai ya kuku wangu sita ili ninunue soda za wageni, ninyi mkala mchuzi mtupu. Mpaka leo nikikumbuka natikisa kichwa. Mayai wapewe watoto.

Nyama? Mara moja kwa wiki ilitosha, nusu kilo, imekatwa ndogo ndogo ndani ya ndizi au viazi ili isiwe na mwenyewe.

Jumanne nakutumia mzigo kwa basi la asubuhi, umtume shemeji stendi ya Nanenane mapema, makondakta hawangoji. Kuna maharage visado vitatu, karanga ambazo nimeshazichambua, na nazi kumi. Chini kabisa, ndani ya gazeti, nimefunga yale mabakuli. Yamebaki manne, mawili yalitoboka. Lenye alama mbili ni la kwako. Lile lenye kovu ukingoni lilikuwa la mdogo wako, lina kina kuliko mengine; mpe kifunga mimba.

Nipigie ukishapakua, si kabla.

Mama yako,
Morogoro