Namba ya Juu na Namba ya Chini: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Umri na Mishipa ya Damu

Mama yangu, mwenye miaka 71, alipimwa presha hapa Jinja ikawa 168 kwa 74. Jirani anasema namba ya juu ni ya uzee tu, yenye hatari ni ya chini. Je, ni kweli? (Binti, Jinja)

Si kweli, binti yangu, ingawa wengi huamini hivyo. Namba ya juu ni nguvu ya damu mishipani moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu hiyo moyo unapopumzika. Ukuta wa mshipa mkuu utokao moyoni una nyuzi za elastini, ambazo hutanuka moyo unaposukuma damu na kujirudi moyo unapopumzika. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo hutengenezwa tukiwa wadogo, na zikichakaa mwili hauzijengi upya ipasavyo. Nafasi yake hushikwa na kolajeni, iliyo ngumu zaidi. Mshipa uliokakamaa haulipokei pigo la moyo kwa kutanuka, kwa hiyo namba ya juu hupanda, na kwa kuwa haujirudi vizuri kuendelea kuisukuma damu, namba ya chini hushuka. Pengo hilo kati ya namba mbili huonekana kwa wengi baada ya miaka 50, lakini kuonekana kwa wengi hakulifanyi kuwa salama, kwani huongeza hatari ya kiharusi na huuchosha moyo na figo.

Hata hivyo, mama apimwe tena kwa utaratibu. Nimewaona wazee wakipimwa mara tu wanaposhuka kwenye bodaboda, mkanda umefungwa juu ya mkono wa koti, nao wanaitikia salamu za kila apitaye. Akae kimya dakika 5, ameegemea, nyayo zikiwa chini na mkono mtupu ukiwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikiendelea kufika 140 au zaidi, amwone daktari.

Nina miaka 66. Kwa nini nikiinuka kitandani alfajiri naona giza? (Mzee, Arua)

Shikamoo mzee. Tunaposimama, damu huvutwa miguuni, na vihisio vilivyo kwenye mishipa ya shingo na ya kifua huuagiza moyo uongeze kasi na mishipa ijikaze. Umri huvifanya vihisio hivyo vichelewe, na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, huongeza tatizo. Keti ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama, kisha mweleze daktari, ambaye atakupima ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 ndani ya dakika 3, hilo ni jambo la kushughulikiwa. Dawa usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Mishipa iliyokwisha kukakamaa inaweza kulainika? (Msomaji, Mbale)

Elastini iliyokatika hairudi. Lakini utando wa ndani wa mshipa hutoa gesi ya nitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa, na ugunduzi wa kazi yake ulituzwa Nobel mwaka 1998. Umri huipunguza gesi hiyo, sigara huipunguza zaidi, ilhali kutembea kwa haraka mara kwa mara huuamsha utando huo hata kwa wazee. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa kukaushwa, ambayo wengi wetu hatuihesabu.

Je, kitunguu saumu husafisha mishipa? (Msomaji, Kampala)

Hakisafishi. Kitie kwenye mchuzi, na vidonge uvimeze kama ulivyoandikiwa.