Nimempa dawa ya minyoo, mbona imerudi?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 4, mdogo mwaka mmoja na miezi 5. Huyu mkubwa usiku halali, anajikuna huku nyuma mpaka analia, siku moja nikammulika na tochi nikaona vidudu vyeupe kama vipande vya uzi. Nikampa albendazole kidonge kimoja, akatulia kabisa, sasa hivi mwezi na kitu umepita kaanza upya. Dawa ilikuwa feki au? Na mdogo nimpe au bado? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba Mama Wawili. Usiilaumu dawa kwanza, inawezekana kabisa ilifanya kazi yake vizuri tu, shida ni kwamba inaua minyoo, mayai haiyawezi. Hao vidudu jike hutoka usiku kutaga mayai kwenye ngozi pale pale nje ya njia ya haja, ndo maana muwasho ni wa usiku, mtoto akijikuna mayai yanaingia kwenye kucha, asubuhi vidole viko mdomoni, na mengine yamebaki kwenye shuka ambako yanaweza kukaa hai hata wiki 2 au 3. Kwa hiyo ulimtibu nusu. Dozi inarudiwa baada ya wiki 2, ili walioanguliwa baadaye wakutwe kabla hawajaanza kutaga, na siku hiyo hiyo nyumba nzima inameza, wewe na baba yao pia hata kama hamuwashwi (kama una mimba ongea na mhudumu kwanza). Kesho yake asubuhi muogeshe, kata kucha, chupi na mashuka yafuliwe. Wengi hapa ndo wanapochemka, wanamtibu anayelia peke yake!

Huyo mdogo anaruhusiwa, ila kuanzia mwaka 1 mpaka afike miaka 2 ni miligramu 200, yaani nusu ya kile kidonge cha 400, soma pakiti uhakikishe. Kisage kiwe unga, changanya na maji kidogo, akiwa anakataa na kulia muache kwanza atulie, usimbane pua ukammiminia, watoto wanapaliwa hivyo na ni hatari kuliko hiyo minyoo yenyewe. Chini ya mwaka usimpe kwa kujiamulia.

SWALI: Mwanangu wa miaka 2 na nusu katapika mnyoo mmoja mrefu kama wa kwenye udongo, nimechanganyikiwa. Nimpe dawa saa hii hii?

JIBU: Pole sana, najua inatisha. Huyo ni chango, na akionekana mmoja mara nyingi ndani wapo wenzake, jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Kwa umri huo albendazole miligramu 400 mara moja inatosha kwa chango, na minyoo ya safura pia inaitibu (kichocho hakimo humo, kina dawa yake, praziquantel). Lakini kabla ya dawa mshike tumbo. Kama limevimba na gumu, anaendelea kutapika, choo hapati, minyoo inaweza ikawa imejikunja ikaziba utumbo, hapo usimpe kidonge chochote wala usisubiri asubuhi, mbebe uende hospitali.