Mdogo wangu amefilisika Canada: je, hela ya ovataimu italiwa yote?

Swali: Naandika kutoka Nyegezi, Mwanza. Mdogo wangu anafanya kazi ghalani huko Canada. Madeni ya kadi yalimzidi, akafilisika kisheria miezi mitatu iliyopita, na ni mara yake ya kwanza. Sasa bosi anampa saa za ziada. Anaogopa kuzichukua, anasema zote zitakwenda kwa wanaomdai. Hana mke wala mtoto. Tuna boma Buswelu limefika kwenye lenta, tulitegemea yeye apaue. Je, akinitumia mimi hizo hela kimyakimya kuna ubaya?

Jibu: Dada yangu, hela hailiwi yote. Ila hilo neno "kimyakimya" ndilo lililonifanya nikujibu leo leo.

Sheria ya ufilisi ya Canada haimkatazi mtu kufanya kazi zaidi. Kila mwaka serikali ya huko hutangaza kiwango cha kipato cha kuishi kwa mwezi, kulingana na ukubwa wa familia. Kinachotazamwa ni hela inayobaki mkononi baada ya kodi na makato machache yanayokubalika, kama matibabu na matunzo ya mtoto. Kupaua nyumba hakumo kwenye makato hayo. Kipato kikivuka kiwango kwa dola 200 au zaidi, nusu ya kilichovuka huenda kwa mfilisi, yaani yule mwenye leseni anayesimamia shauri lake. Kikivuka kwa chini ya 200, halipi nyongeza yoyote.

Lakini kinachouma zaidi ni muda. Anayefilisika mara ya kwanza na hana ziada, kwa kawaida huachiwa, yaani hutolewa kwenye ufilisi na kufunguliwa madeni, baada ya miezi 9. Mwenye ziada huvutwa hadi miezi 21, akilipa ile nusu kila mwezi. Tuchukulie kiwango chake ni dola 2,500, namba ya mfano tu. Wastani wake ukiwa 2,690, amevuka kwa 190: halipi nyongeza, na miezi 9 inatosha. Ukiwa 2,710, amevuka kwa 210: analipa 105 kwa miezi 21, jumla 2,205. Dola 20 tu za mwezi zimemvuta mwaka mzima. Nimeona watu wakilia kwa tofauti ndogo kama hiyo, na wangeweza kuijua mapema kwa kupiga hesabu mezani dakika kumi.

Nimesema wastani kwa makusudi. Mwezi mmoja mzito haumharibii. Akiwa anapata 2,400 kwa kawaida, kisha mwezi mmoja aongeze 1,200, ukigawa, tuseme, kwa miezi 8 ni 150 kwa mwezi. Wastani unakuwa 2,550, na bado yuko salama. Akiongeza 700 kila mwezi, anafika 3,100: amevuka kwa 600, analipa 300 kwa miezi 21. Hapo ametoa 6,300 katika 14,700 za ovataimu alizochuma, na 8,400 zimebaki kwake. Kwa hiyo achague moja: afanye ovataimu kidogo amalize mapema, au afanye nyingi kwa moyo mmoja, akijua anakwenda hadi mwezi wa 21. Pabaya ni pale katikati, juu kidogo tu ya mstari.

Sasa hilo la kukutumia kimya. Kila mwezi anapaswa kumpelekea mfilisi taarifa ya kipato pamoja na salari slipi. Ovataimu iko kwenye slipi, na ya kupewa mkononi nayo inahesabika. Kuficha kipato au mali kwa hila ni kosa la jinai: faini hadi dola 10,000, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Hata asiposhtakiwa, kuachiwa kwake kunaweza kupingwa. Dada, usikubali simu yako iwe njia ya kumpeleka huko.

Kutuma msaada wa kawaida nyumbani kutoka kwenye hela inayobaki mikononi mwake ni kitu kingine. Kama kuna mzazi anayemtegemea, amweleze mfilisi na kumwonyesha risiti za kutuma, kwa sababu idadi ya wanaomtegemea inaweza kugusa kiwango chake. Wasipoelewana kuhusu kiasi cha kulipa, anayo haki ya kuomba usuluhishi.

Hukuniambia kiwanja cha Buswelu kina jina la nani. Hilo lina uzito kuliko ovataimu. Mali ya aliyefilisika, popote ilipo duniani, pamoja na atakayoipata kabla hajaachiwa, inaingia mikononi mwa mfilisi. Mwanza si mbali kwa sheria hiyo. Kama hati ni ya baba au yako, ni habari nyingine. Kama ni yake na hakuitaja alipojaza fomu, ampigie mfilisi wake wiki hii na aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Na msinunue bati hata moja kwa hela yake hadi apate jibu kwa maandishi.